SAISI NAYE HUSOMEA KAZI YAKE

Siku ya mashindano ya farasi katika uwanja wa Ngong, Nairobi, macho ya watazamaji huwa juu ya watu wawili. Wa kwanza ni joki, aliyevaa shati la rangi za tajiri wake. Wa pili ni huyo tajiri mwenyewe, ambaye farasi wake akishinda ndiye apokeaye kikombe. Ni wachache wanaomtazama mtu wa tatu, yule aendaye kwa miguu akiwa ameshika hatamu, akimzungusha farasi polepole mbele ya watu kabla ya mbio, na baada ya mbio akimpokea hali anatoka jasho na povu. Huyo ndiye saisi, yaani mtunza farasi. Jina lake limetoka katika Kiarabu, nalo limo katika Kiswahili tangu zamani. Hata Waingereza walilikuta India wakalichukua likawa lao. Lakini ukongwe wa jina haukumpatia mwenye kazi heshima. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa mtu wa ufagio na ndoo, na kazi yake kuwa ni kazi isiyohitaji kusomewa.

Kama kweli haihitaji kusomewa, yafaa kwanza kuitazama ilivyo.

Farasi wa mashindano huwa na uzito wa kilo 500 hivi, na uzito wote huo huubeba kwa mwendo mkali juu ya miguu myembamba ya kushangaza. Ni mnyama mwoga. Hawezi kumwona mtu aliyesimama nyuma yake hasa, na akishtuka hupiga teke kwanza, kisha ndipo atazame alichokipiga. Tena hawezi kutapika. Chakula kilichooza kikishaingia tumboni hakina njia ya kurudi, kwa hiyo msokoto wa tumbo, ambao kwa mtoto ni usiku mmoja wa kilio, kwa farasi waweza kuwa kifo kabla ya jua kuchwa.

Saisi aliyefunzwa vizuri aingiapo bandani alfajiri hafanyi haraka kushika ufagio. Huanza kwa kutazama. Je, chakula cha jana jioni kimekwisha katika hori? Maji yamepungua? Samadi ni ya kawaida, au imekuwa ngumu kama mawe? Majani ya kulalia yametulia, au yamevurugwa na kutupwa huku na huku kama kwamba mnyama aligaagaa kwa maumivu usiku kucha? Hayo yote huyajua kabla hajamgusa farasi. Kisha humsemesha, humkaribia upande wa bega la kushoto, na kuinama kupitisha kiganja chake polepole juu ya kano za miguu, mmoja baada ya mwingine. Anatafuta joto. Mahali padogo penye joto kuliko pengine ni dalili kwamba kano imeanza kuumia, na mnyama huyo akipelekwa mbioni siku hiyo, kano yaweza kupasuka, naye akakaa karibu mwaka mzima bila kukimbia, au asikimbie tena kabisa. Mama amwekeaye mtoto kiganja kwenye paji la uso anaielewa kazi hiyo vizuri zaidi kuliko tajiri mwenye farasi kumi.

Vipo na vipimo vya kukariri. Farasi mzima aliyepumzika, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na joto la mwili wake ni kati ya digrii 37.5 na 38.5. Lakini kila farasi ana kawaida yake, na ni yule aliye naye kila siku tu aijuaye. Daktari wa wanyama huitwa mara moja moja. Tajiri huja Jumapili. Saisi akikosea kuona, hakuna mwingine wa kuona kwa wakati.

Desturi ya mbio hizi ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza, kwa hiyo huko Uingereza ndiko inakofaa kutazama jinsi watu wa mabandani walivyokuwa wakifundishwa kazi. Mji wa Newmarket ndio makao makuu ya mbio za farasi katika nchi hiyo. Zamani, vijana wa miaka 14 au 15 walipelekwa huko na wazazi wao kufungwa mikataba ya uanagenzi kwa mfunza farasi. Walichaguliwa kwa udogo wa miili, maana kila mmoja aliahidiwa, au alijiahidi mwenyewe, kwamba atakuwa joki. Walipewa chakula, pa kulala na fedha kidogo za mfukoni. Walizoa samadi, walisugua farasi, waliwapanda asubuhi katika mazoezi, na kujifunza kwa kumfuata mkubwa wao, aliyekuwa na hiari ya kueleza au kutoeleza.

Mwili wa kijana haufuati mkataba. Wengi walikua, wakazidi uzito utakiwao, na ahadi ya ujoki ikaisha hapo. Aliyebahatika alibaki kuwa mtunza farasi maisha yake yote. Asiyebahatika alirudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 20 hivi, shule aliiacha mapema, na mkononi hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba anajua kazi.

Uchungu huo ulilipuka mwaka 1975. Watunza farasi wa Newmarket walidai nyongeza ya paundi 4.70 kwa juma. Waajiri hawakukubali, na mwisho wa mwezi wa Aprili mgomo ukaanza. Tarehe 1 Mei, siku ya mbio kubwa ya 1,000 Guineas, wagomaji walijipanga njiani kuwazuia farasi, na katika vurugu hiyo joki mashuhuri Willie Carson aliangushwa kutoka juu ya farasi wake. Kitendo hicho hakikuwasaidia, kwani watazamaji waliokuwa wakiwahurumia asubuhi waliwakasirikia jioni. Hata hivyo mgomo uliendelea kwa zaidi ya majuma kumi, na kabla ya mwaka kwisha watunza farasi walikuwa na chama chao wenyewe. Chama hicho, ambacho baadaye kilibadili jina na siku hizi huitwa National Association of Racing Staff, ndicho kinachokaa meza moja na wafunza farasi kupatana juu ya kima cha chini cha mishahara.

Ireland ilikuwa imetangulia kidogo katika jambo la elimu. Mwaka 1973 kilianzishwa chuo mjini Kildare, karibu na uwanda wa Curragh, ili vijana waingiao katika kazi za farasi wafundishwe kwa utaratibu na pia waendelee na masomo ya kawaida. Kutoka chuo hicho alitokea Johnny Murtagh, aliyeshinda mbio ya Derby ya Epsom mara tatu, mwaka 2000, 2002 na 2005. Chuo hupenda kumtaja, wala si vibaya. Lakini sifa kubwa zaidi ya chuo cha namna hiyo ni wale ambao hawakuwa majoki na bado wakapata riziki kwa walichofundishwa.

Uingereza nayo ilifungua British Racing School huko Newmarket mwaka 1983, na mwaka uliofuata chuo kingine karibu na Doncaster. Kijana aingiaye katika vyuo hivi si lazima awe amewahi kugusa farasi. Hulala bwenini, huamka kabla ya jua, na masomo yake ya kwanza ni ya namna ambayo askari yeyote ataitambua, kwani hata kuruta hakabidhiwi bunduki siku ya kwanza. Atafundishwa namna ya kuingia bandani na namna ya kutoka. Atafundishwa kufunga kamba kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, ili farasi akishikwa na hofu asijivunje shingo. Atafundishwa kuinua mguu na kuchokoa uchafu katika kwato bila kuweka kichwa chake mahali pa teke. Kisha huja kutandika, kutia lijamu, kufunga bandeji isibane wala isilegee.

Kupanda nako hakuanzi juu ya farasi hai. Mwanafunzi huwekwa juu ya farasi wa mashine, aendaye mbio huku amesimama palepale. Mtu aliyepata kufundisha darasani ataona mara moja faida ya chombo hicho: mwalimu husimama kando, humsahihisha mwanafunzi mgongo na mikono, naye mwanafunzi aweza kukosea mara hamsini bila mashine kuchoka wala kuogopa. Mdomo wa farasi hai ni laini, na mikono ya mwanagenzi ivutayo hatamu ovyo yaweza kuuharibu. Katika uanagenzi wa zamani, gharama ya kujifunza ililipwa na farasi.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba masomo hayaishii hapo. Baada ya kozi ya mwanzo kijana hupelekwa kazini, na akiwa kazini huendelea kupimwa na kupewa vyeti vya juu zaidi. Apendaye aweza kufika hatua ya kuwa mkuu wa mabanda, kisha msaidizi wa mfunza farasi. Hata leseni ya mfunza farasi yenyewe siku hizi haitolewi Uingereza mpaka mwombaji awe na cheti cha kiwango cha tatu na amemaliza kozi maalumu katika mojawapo ya vyuo hivyo viwili. Kwa hiyo ngazi ipo, kutoka ufagio hadi leseni, ijapokuwa vipandio vyake vimeachana sana.

Akina mama wasomao ukurasa huu watapenda kujua kwamba ngazi hiyo ilikuwa imefungwa kwao kabisa. Hadi mwaka 1966 Uingereza haikumpa mwanamke leseni ya kufunza farasi. Bibi Florence Nagle, aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alilazimika kutumia leseni yenye jina la mkuu wake wa mabanda, mfanyakazi aliyemwajiri mwenyewe. Aliwapeleka wakubwa wa Jockey Club mahakamani, na mwaka huo wa 1966 wakasalimu amri. Kenya ilikuwa imeliona jambo hilo mapema zaidi. Beryl Markham alipata leseni yake huko akiwa msichana, na mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio ya St Leger mjini Nairobi. Katika mabanda yake mtu wa kutegemewa alikuwa arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni. Ruta hakupita chuo chochote cha farasi. Leo wanawake ni sehemu kubwa ya wafanyakazi katika mabanda ya Uingereza.

Mfano wa Ruta waweza kumfanya mtu aulize kama vyuo ni vya lazima. Marekani, mwaka 1973, farasi Secretariat alishinda mbio ya Belmont kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi 31. Mtunzaji wake alikuwa Eddie Sweat, Mmarekani Mweusi kutoka South Carolina, aliyejifunza yote kwa macho na mikono. Katika Kentucky Horse Park iko sanamu ya shaba ya Secretariat, na Sweat yumo, ameshika hatamu, heshima ambayo watunzaji wengi hawakuipata. Lakini watu kama Sweat huzaliwa mmoja mmoja, na mabanda yanahitaji mikono maelfu. Ujuzi wa mtu asiye na cheti hubaki kwake: akihama, tajiri mpya humwanzisha upya na mshahara wa mwanzo.

Wala cheti peke yake hakimbakizi mtu kazini. Uingereza na Ireland zote zinalalamika upungufu wa watunza farasi, ingawa vyuo vinatoa wahitimu kila mwaka. Sababu hazijifichi. Kazi huanza alfajiri, mvua inyeshe au isinyeshe. Farasi hana Jumapili wala sikukuu. Teke moja laweza kumlaza mtu hospitali. Ni kweli kwamba sehemu ya fedha za ushindi hugawanywa kwa wafanyakazi wa banda, na kwamba kabla ya mbio nyingi hutolewa zawadi kwa saisi ambaye farasi wake ametunzwa na kupambwa vizuri kuliko wote. Lakini zawadi hiyo haimlipii mwenye watoto kodi ya nyumba.

Desturi ya zamani ya Newmarket ilikuwa mtu mmoja kutunza farasi wawili au watatu. Pasipo na watu wa kutosha, idadi hiyo hupanda, na hapo mafunzo hugongana na saa. Kiganja kile kinachotakiwa kupita polepole juu ya kano kitapita mbio, au kitapita kwa farasi wa kwanza na wa pili tu, kwa kuwa wa tano na wa sita wanangoja kutandikwa na kunakucha.