Ithibati ya Shule na Vyuo

Tuseme mzee mmoja wa Katesh ameuza ng'ombe wanne mnadani ili binti yake akasomee uuguzi. Miaka mitatu ikapita, binti akarudi na cheti chenye muhuri mzuri. Lakini Baraza la Uuguzi na Ukunga likakataa kumwandikisha, kwa kuwa chuo alichosoma hakikutambuliwa. Ng'ombe wamekwenda, na miaka imekwenda.

Watu wengi huchanganya usajili na ithibati. Usajili ni ruhusa ya chuo kuwapo na kufundisha. Ithibati ni zaidi ya hayo: wachunguzi wameingia, wametazama elimu ya walimu, vitabu, maabara, mitaala, na jinsi mitihani inavyosimamiwa, wakaridhika kwamba kazi inalingana na kipimo kilichowekwa. Tena hutolewa kwa muda, na muda ukiisha chuo hupimwa upya. Kwa hiyo ukionyeshwa hati, tazama tarehe yake.

Shule za msingi na sekondari husajiliwa na Kamishna wa Elimu, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Namba ya shule ya msingi huanza na herufi EM, na ya sekondari S. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanza mwaka 2005. Vyuo vya kati na vya ufundi husimamiwa na NACTVET, baraza ambalo asili yake ni sheria ya mwaka 1997. Basi chuo cha afya cha Haydom, kilicho jirani na hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, habari zake huulizwa kwa Baraza hilo, wala si kwa Tume.

Tena liko jambo linalowaponyoka hata wasomi: chuo chaweza kuwa halali, ilhali kozi moja ndani yake haijaidhinishwa. Usiulize jina la chuo tu. Taja kozi na ngazi yake, kwani ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, na ya 6 ni stashahada. Tangazo la ukutani si hati.

Baraza hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, chenye majina ya vyuo na kozi zake. Asiye na njia ya kukipata na amwombe mwalimu wa sekondari iliyo karibu amsomee ukurasa wa chuo hicho, kabla ng'ombe hawajapelekwa mnadani.