Kutafuta dosie mu Linux: masini yenyewe inatufundisha

Ku sindika, dosie ya mutumikaji moja iko na makaratasi mingi: kontra, buletini ya mushahara, raporo ya aksida, barua ya kufukuzwa. Siku hizi tunayapiga skani na kuyaweka mu ordinatere. Lakini karatasi yenye haionekane siku ya kukutana na patro, ni kama haiko. Na wakati hautungoje: Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inatupa mwaka 1 tu kwa kudai mushahara wenye haukulipwa.

Ordinatere mingi za zamani zinatembea vizuri na Linux, sistemu yenye Linus Torvalds wa Finlandi alianza kuitoa mu 1991, na yenye haiombe feza. Wandugu wanaogopa tu ile dirisha ya kuandika amri, terminali. Tusiogope, kwani inajieleza yenyewe.

Tuanze na kuomba musaada. Tukiandika

man find

tunapata mafundisho yote ya amri find. Tunashuka na mishale, tunaandika / na neno kwa kutafuta ndani, tunatoka na q. Mu Debian na Ubuntu, pakeji manpages-fr inaleta kurasa mingi kwa Kifaransa. Kama tunataka kwa kifupi: find --help. Na kama hatujue hata jina ya amri? Tunaandika apropos na neno moja, nayo inatuonyesha amri zenye kuhusu lile neno.

Sasa kutafuta:

find ~ -iname "*aksida*"

Alama ~ ni kabati yetu wenyewe mu masini. -iname haichague herufi kubwa ao ndogo. Nyota inashika nafasi ya maneno yoyote, na zile alama mbili-mbili tusiziache. Tukiongeza -mtime -30, inabakisha tu zenye ziliguswa mu siku 30 za nyuma.

Amri locate inaenda mbio zaidi, kwani inasoma liste yenye ilitengenezwa mbele, kawaida mara moja kwa siku. Karatasi ya leo asubuyi inaweza kukosa humo. Amri sudo updatedb inafanya liste upya.

Kwa kutafuta neno ndani ya maandiko:

grep -ril "prime" ~/Documents

Lakini grep inasoma maandiko ya kawaida tu. Karatasi ya skani ni picha, haione neno ndani yake. Njo maana tuipe jina kamili tangu siku ya kwanza: matrikile, aina ya karatasi, tarehe. Kwa mufano: 4512-aksida-2024-03-15.pdf. Masini haiwezi kupata jina yenye hatukuandika.

Delege mwenye anajua hizi amri hangoje mutu wa enformatiki wa kampuni amufungulie. Anafika ku meza na karatasi mu mukono, na mazungumuzo inaanzia hapo.