Mwili wa Mtu Ulitoka Wapi?

Baba mmoja wa parokia yetu alimtoa mwanawe shuleni, kwani kijana alisema: «Mwalimu ametufundisha ya kuwa watu wametoka kwa wanyama, basi Mungu hakutuumba.» Naye kijana ameacha Misa. Wote wawili wamekosea, na sisi waalimu zaidi yao, maana tuliwapa nusu ya neno.

Darwin alitoa kitabu chake mwaka 1859. Mwaka 1950 Papa Pius XII, katika barua Humani Generis, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika kiumbe hai kilichotangulia; lakini roho, alifundisha, huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema ya kuwa fundisho hilo la mageuzi ni zaidi ya dhana.

Kule Ishango, kando ya ziwa Edward, nchini mwetu, ulichimbuliwa mfupa wenye mikato iliyopangwa mafungu mafungu, wa miaka ipatayo 20,000. Wachimbaji hupata mifupa. Roho ya yule aliyeikata mikato ile haichimbuliwi.

Tulimwendea yule baba jioni. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: «Na Adamu, mwalimu?» Tulikaa naye hadi usiku. Jumatatu kijana alirudi darasani, kanisani bado.