Dawa Inayoshindana na Mate

Weupe kwenye shavu la ndani unaweza kumchanganya hata mhudumu mzoefu. Ukiwa ni fangasi, mara nyingi hufutika kwa kipande cha shashi na kuacha wekundu chini yake. Ukiwa ni laikeni plana haufutiki: hujichora kwa mistari myembamba kama utando wa buibui, kwa kawaida kwenye mashavu yote mawili, na penye kuchubuka mgonjwa hastahimili tena mchuzi wenye pilipili wala chai ya moto.

Bonde la Kilombero linaifahamu zaidi fangasi. Mwaka 2004 ilianzishwa Kliniki ya Magonjwa Sugu katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na tangu hapo imehudumia maelfu ya watu wanaoishi na VVU kutoka Kilombero na Ulanga. Fangasi ya mdomoni isiyokoma ni mojawapo ya dalili zinazomweka mgonjwa katika hatua ya tatu ya ugonjwa kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kumwambia mgonjwa afunue kinywa si jambo dogo.

Laikeni ni habari nyingine kabisa. Haiambukizi. Chembe za kinga za mwili wenyewe huushambulia utando wa kinywa, na hali hiyo hudumu miaka, ikipoa na kurudi. Inakadiriwa kuwapata watu wazima wapatao 1 hadi 2 kwa kila 100. Haina dawa ya kuimaliza, ila ipo ya kuituliza: stiroidi ya kupaka.

Kazi kubwa ni kuifanya dawa ikae. Tezi za mate hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na ulimi haupumziki, kwa hiyo krimu ya kawaida huoshwa muda mfupi tu baada ya kupakwa. Ndiyo maana triamsinoloni ya asilimia 0.1 hutengenezwa ndani ya ute mzito wenye jelatini na pektini, ambao ukikutana na unyevu hunata. Mgonjwa hukausha kidonda kwa shashi, huchukua kiasi kidogo cha dawa na kukigandisha kwa kukibonyeza. Hasugui, kwani dawa ikisuguliwa hugeuka chembechembe na kumwagika. Wakati mzuri ni baada ya kula na kabla ya kulala, maana usiku mate hupungua. Wenye vidonda vingi hupewa stiroidi ya kusukutua, kisha kuitema.

Lakini stiroidi hiyo hiyo hulegeza ulinzi wa kinywa, na fangasi hupata mwanya. Akipewa stiroidi mtu mwenye fangasi aliyedhaniwa ana laikeni, hali huzidi kuwa mbaya.

Kwa fangasi, dawa za kupaka na kusukutua zina historia ndefu. Ile dawa ya rangi ya zambarau, GV (gentian violet), ilijaribiwa Kinshasa kwa wagonjwa wa UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 1992: iliponya asilimia 42, ketokonazoli ya kumeza asilimia 43, nistatini ya kusukutua asilimia 9 tu. Kwa bei ya GV, hayo yalikuwa matokeo ya kutia moyo sana. Hata hivyo haipendezi kwa mgonjwa, kwani hupaka midomo rangi inayomtangaza mbele ya majirani, na mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilionya kuwa huenda ikahusiana na saratani.

Kosa la kuepukwa ni kutia mdomoni tyubu ya stiroidi ya ngozi kwa ushauri wa jirani. Krimu hizo, ambazo wengine huzitumia kujichubua, hazikutengenezwa kwa kinywa na hazichagui ugonjwa. Duka la dawa muhimu lililo karibu haliwezi kutazama ndani ya shavu. Laikeni iliyothibitishwa nayo huhitaji kuangaliwa mara kwa mara, kwa kuwa kwa wagonjwa wapatao 1 kati ya 100 hugeuka saratani. Kidonda au weupe mdomoni usiopona ndani ya wiki mbili upelekwe kwa daktari wa meno, hata kama hauumi.