Kihansi: Tathmini Iliyofika Baada ya Zege

Mto Kihansi ukifika kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, huporomoka takriban mita 850 kabla ya kutulia na kujiunga na Kilombero. Mhandisi wa umeme akilitazama poromoko kama hilo huona hesabu: kila mita ya ujazo ya maji inayopita bombani kwa sekunde, kutoka kimo hicho, huzalisha karibu megawati 7. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, iliipiga hesabu hiyo, wafadhili wakiwemo Benki ya Dunia wakaikubali, na kufikia mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilikuwa inazunguka ndani ya mlima.

Tuwe waadilifu. Mradi ule haukuwa wa anasa. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1990 wanaukumbuka mgao wa umeme na jenereta zilizonguruma mbele ya maduka mchana kutwa. Kwa miaka mingi Kihansi ilibeba karibu theluthi ya uwezo wote wa umeme wa maji nchini. Anayesimulia anguko la korongo la Kihansi, bonde ambamo maji hayo huporomoka, bila kulitaja hilo anasimulia nusu ya habari.

Nusu nyingine ni hii. Ardhioevu ya Kihansi, iliyokuwa humo korongoni, haikulishwa na mafuriko wala chemchemi. Ililishwa na manyunyu. Maji yalipopiga mwamba yalipasuka kuwa rasharasha, upepo unaozaliwa na maporomoko yenyewe ukaisambaza, na mteremko ukalowa usiku na mchana, masika na kiangazi. Eneo lote lilikuwa kama hekta 2, yaani halifiki viwanja vitatu vya mpira. Humo aliishi chura mdogo wa njano, asiyefika hata sentimita 3, ambaye hatagi mayai majini kama wenzake bali huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura. Hakuwahi kuonekana mahali pengine popote duniani.

Tathmini ya athari kwa mazingira ilifanyika, tena mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani mradi ulipenya bila karatasi. Karatasi zilikuwepo. Kasoro ilikuwa katika swali. Macho yalielekezwa pale ambapo kitu kingejengwa: ukuta, barabara, bwawa. Korongo, ambako hakuna kitu kingejengwa bali maji yangeondolewa, halikuchunguzwa kwa kina. Ni mteremko mkali, halina wakazi, na kwenye ramani ya mradi lilikuwa nafasi tupu kati ya bwawa na mitambo.

Uchunguzi wa kina ulipokuja, ujenzi ulishaanza. Mwaka 1996 watafiti, akiwemo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakakutana na yule chura. Alipopata jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, muongo ulikuwa unafika ukingoni na kazi kubwa ya ujenzi ilikuwa imefanyika. Kabla ya mkopo kutiwa saini, tathmini huuliza kama tujenge, wapi, na mto ubakishiwe maji kiasi gani. Zege likishamwagwa, inabaki kazi ya kutafuta dawa.

Dawa zilitafutwa kwa bidii, hilo lazima likubaliwe. Maji ya korongoni yalipopungua kwa takriban asilimia 90 na manyunyu yakatoweka karibu kote, vyura 499 walikamatwa mwishoni mwa 2000 na kupelekwa Bronx Zoo, New York. Mwaka 2001 ukakamilika mtandao wa mabomba na vinyunyizio wa kuiga rasharasha kwenye sehemu ya ardhioevu. Dawa ya tatu ilikuwa kuulazimisha mradi uachie maji kiasi yapite mtoni, na hiyo ndiyo ghali. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: mita 2 za ujazo kwa sekunde ni karibu megawati 14, na kiangazi, mto unapopungua, kila megawati inawindwa.

Kwa muda ilionekana kama vinyunyizio vimeshinda. Juni 2003 makadirio ya vyura korongoni yalipita 20,000. Kufikia Januari 2004 waliosalia kuonekana hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimtangaza chura huyo kuwa ametoweka porini.

Nini kiliwaua? Kuvu wa ngozi anayeangamiza vyura katika mabara mengi alipatikana kwenye miili. Karibu na wakati huo bwawa lilifunguliwa kusafisha tope, na tope hilo lilishukiwa kubeba viuatilifu vya mashamba ya juu. Anayelitetea bwawa hushika kuvu. Anayelipinga hushika ukame. Binafsi sioni kwa nini tuchague. Viumbe waliobanwa kwenye vipande vya ardhi vinavyoishi kwa bomba hawana pa kukimbilia baya lolote likija. Na tunabishana hadi leo kwa sababu korongo halikupimwa miaka kadhaa mfululizo kabla halijaguswa. Hakuna hali ya awali ya kutosha kulinganishia.

Baadhi ya vyura walirudishwa kutoka Marekani hadi Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa korongoni. Habari hiyo ilishangiliwa, kwa haki. Lakini chura si ardhioevu. Mimea ya manyunyu ilipokauka, magugu yaliingia, na kahawa ya mwitu ya Coffea kihansiensis, inayopatikana huko tu, haikuwahi kupata umaarufu wa kupandishwa ndege.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeifanya tathmini kuwa sharti kabla ya mradi mkubwa kuanza. Ni hatua. Ila sheria huweza kudai ripoti bila kubadili swali linaloulizwa, na maji ya Kihansi hayaishii Kihansi. Huingia bonde la Kilombero, eneo la Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu tangu 2002, kisha Rufiji, ambako sasa yanakutana na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Chini yake kuna maziwa ya mafuriko, mikoko ya delta, kamba na samaki, na wakulima wa mlau wanaopanda kwenye udongo ulioachwa na maji yanapopungua. Huko nako hakuna ukuta utakaojengwa. Ni maji tu yatakayobadilika. Mkulima wa mlau anachohitaji kujua ni kama maji ya Aprili yatafika shambani kwake, kwa kimo gani, na ni ofisi ipi imepewa kazi ya kumwambia kabla hajatayarisha mbegu.