Neno «kasirani» katika maungamo

Kwetu Uvira, tangu Kavimvira mpaka Makobola, mutu aliyeudhika anasema: «Niko na kasirani». Kigoma watasema zaidi «hasira». Na «kisirani» yao, yenye kufanana na neno letu kwa sikio tu, ni mukosi ao ugomvi. Katekista mugeni asiyachanganye.

Waingereza wana neno «annoying» kwa jambo lenye kuudhi, na «annoyed» kwa mwenye kuudhika. Sisi tunatumia kitendo. Mununuzi anayegeuzageuza ndagala sokoni bila kununua anakasirisha. Mama muuzaji anakasirika. Sauti moja tu inageuka, lakini mwenye kosa anageuka pia! Mwanafunzi anayeandika «mama wa kukasirisha» amemuhukumu asiye na kosa.

Shida kubwa ni hii: neno «kasirani» peke yake halionyeshi uzito wa jambo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino (Summa, II-II, swali la 158) anafundisha kwamba hasira si zambi kila mara. Halafu, akimufuata Aristoteli, anatofautisha watu wa namna tatu: wenye kuwaka upesi, wenye kuweka uchungu siku nyingi, na wenye kukataa kutulia mpaka walipize kisasi. Kwa wa pili tuna neno zuri, «kinyongo», lakini wakristu wetu hawalisemi sana mbele ya padri. Wanasema «kasirani» kwa yote matatu.

Basi mutu akiungama hivyo, padri asimukaripie wala asimwachilie mbio. Amuulize kwa upole: «Tangu lini? Na ukikutana naye njiani, munasalimiana?»