Chai ya Champs-Élysées: Kweli au Uongo?

Kama una ndugu Ufaransa, au jirani aliyepita Paris safarini, hadithi za kumbi za chai za Champs-Élysées na mitaa ya jirani umeshazisikia. Mlangoni kuna mtu anayekagua viatu. Kikombe kimoja kinamaliza posho ya safari. Chai yenyewe ni maji ya rangirangi tu. Kwa hadithi hizo wengi huishia kupiga picha dirishani na kwenda zao. Hilo linaniuma, kwa sababu vingi vinavyouzwa humo vinatoka kwenye mashamba ya Afrika na visiwa vyake, na sheria za Ufaransa zinamlinda mteja kuliko anavyodhani. Basi tuzipime hadithi hizo.

"Bila suti huingii, na bei utaijua bili ikifika."

UONGO, tena mara mbili. Nenda Ladurée, namba 75 ya Champs-Élysées, au Angelina, namba 226 ya rue de Rivoli, utaona watu wa raba na mabegi ya mgongoni wakikaa meza moja na wenye mikufu ya lulu. Kinachowazuia watu pale ni foleni, hasa Jumamosi na Jumapili mchana. Asubuhi ya siku ya kazi mambo ni mepesi.

Kuhusu bei, sheria inamtaka mwenye mkahawa abandike orodha yake nje, mahali mpita njia anapoweza kuisoma. Isome kabla hujashika kitasa. Na bei unayoiona ndiyo utakayolipa: tangu agizo la serikali la mwaka 1987, kodi na malipo ya huduma lazima yawemo tayari. Ile bakshishi ya asilimia 15 au 20 uliyosimuliwa na shangazi wa Marekani haidaiwi hapa. Ukiacha sarafu mbili mezani ni shukrani yako tu. Maji ya bomba nayo ni haki yako bila malipo. Sheria ya mwaka 2020 inazitaka nyumba za chakula na vinywaji ziwajulishe wateja kwamba wanaweza kuyaomba. Sema "une carafe d'eau", jagi la maji litaletwa.

Ni ghali? Ndiyo, hilo ni kweli kabisa. Kodi za pango za maduka ya Champs-Élysées ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani, na wewe unayekalia kiti unazichangia. Mwenye bajeti ndogo aende upande wa duka, ambako keki ile ile kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko mezani. Ila kama umetoka mbali, mimi ningesema kaa. Buli moja la chai hutoa zaidi ya kikombe kimoja, na hakuna atakayekuharakisha.

"Wahudumu wa Paris wana dharau."

UONGO kwa sehemu kubwa, na hapa mafunzo ya wazee wetu yanashinda. Aliyekukataza kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi na kusalimu alikuandaa vizuri kwa Paris. Mgeni anayeanza na "nataka meza" kabla ya "bonjour" amekosa adabu, na atajibiwa kwa ubaridi unaomstahili. Salamu kwanza, shida baadaye: ukilishika hilo, nyuso nyingi zitafunguka.

Watu hulalamika pia kwamba bili haiji. Haiji kwa sababu hujaiomba. Kuileta bila kuulizwa kungekuwa sawa na kukuambia uondoke.

"Kumbi hizi hazijabadilika tangu enzi za wafalme."

UONGO, ingawa dari zake zinashawishi. Louis-Ernest Ladurée alifungua duka la mikate mwaka 1862 katika rue Royale, wakati Ufaransa ikitawaliwa na Napoleon wa Tatu. Mwaka 1871, katika machafuko ya Komuni ya Paris, jengo liliungua. Lilipojengwa upya likawa duka la keki, na mchoraji Jules Chéret akapewa kazi ya kuipamba dari kwa wale malaika watoto wanene ambao kila mgeni huwapiga picha. Tawi la Champs-Élysées, lenye sura ya kasri la kale, lilifunguliwa mwaka 1997, baada ya familia ya Holder, wenye mikate ya Paul, kuinunua kampuni mwaka 1993. Angelina ni mzee kweli, ila mwanzilishi wake hakuwa Mfaransa. Antoine Rumpelmayer alitoka Austria, akaufungua ukumbi huo mwaka 1903.

Wapo wanaosema pia kwamba kumbi hizi zilikuwa za wanawake. Hilo ni KWELI, na ndilo jambo zuri kuliko yote katika historia yake. Karne ya 19, mwanamke wa heshima aliyeonekana peke yake ndani ya mkahawa wa Paris alisemwa vibaya. Ukumbi wa chai ukampa mahali pa kukutana na wenzake bila kusindikizwa na mume wala kaka. Ukiona leo meza ya akina mama wanne wamekaa saa nzima juu ya buli moja, ujue wanaitumia nafasi ambayo bibi zao waliipata kwa taabu.

"Macaron zililetwa na malkia kutoka Italia."

HAKUNA USHAHIDI. Hadithi inasema Catherine de Médicis alipokuja kuolewa na Henri, mfalme wa baadaye wa Ufaransa, mwaka 1533 alikuja na wapishi wake na siri ya kitafunio hiki. Ni hadithi tamu, lakini binti huyo alikuwa na miaka 14, na habari za wapishi wake zilianza kuvuma muda mrefu baada ya kufa kwake. Tena vitafunio vya lozi, sukari na ute wa yai vya zamani vilikuwa kimoja kimoja, vikavu, bila krimu katikati. Kuviunganisha viwili kwa krimu ni jambo la karne ya 20. Ladurée husimulia kuwa aliyefanya hivyo ni Pierre Desfontaines, ndugu katika ukoo wao, ingawa wapo wapishi wengine wanaotajwa.

Ichukue moja uitazame kwa karibu. Juu ni laini na inang'aa kidogo. Chini ina ukingo wenye vitundu vitundu, ambao wapishi wa Kifaransa huuita mguu. Ukingo huo si pambo. Rojo la unga wa lozi, sukari laini na ute wa yai uliopigwa humwagwa kwa vidoa juu ya trei, kisha huachwa nje hadi juu pafanye ngozi kavu. Ikiingia ovenini, hewa na mvuke hukuta njia ya juu imefungwa, vikatokea chini na kulisukuma rojo pembeni. Mpishi asiye na subira huona ganda limepasuka.

Na rangi je? Watu huapa kwamba ya kijani ina ladha kuliko ya waridi. Mara nyingi ganda ni lozi na sukari zile zile zilizotiwa rangi, na ladha unayoitafuta imo kwenye krimu.

"Chai isiyokolea rangi ni chai ya bure."

UONGO. Hili najua litakera watu wa nyumbani. Majani ya kijani, meupe na meusi yote hutoka mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachotofautisha ni jani limefanyiwa nini baada ya kuchumwa, na hasa limeachwa libadilike na hewa kwa kiasi gani. Chai nyeupe au ya kijani inayoonekana hafifu kikombeni inaweza kuwa na ladha ndefu na kafeini ya kutosha kukukosesha usingizi.

Tofauti nyingine iko kiwandani. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupitishwa kwenye mashine zinazolisaga, kulirarua na kuliviringisha jani kuwa punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na ukali haraka, ndiyo maana zinastahimili maziwa, tangawizi na iliki. Kumbi za Paris hupenda majani marefu yaliyoviringishwa taratibu, yanayohitaji dakika kadhaa na maji yaliyopimwa. Chai nyeusi hutaka maji yanayokaribia kuchemka. Ya kijani hutaka nyuzi 70 hadi 80 hivi, na ukizidisha inakuwa chungu. Kwa hiyo mama anayetokosa majani pamoja na maziwa hajakosea. Anatumia jani lililotengenezwa kwa ajili hiyo. Angetokosa chai ya kijani ya Japani namna hiyo, hapo ndipo ingekuwa hasara.

Na ile desturi ya kulisuuza buli kwa maji ya moto kabla ya kutia majani? KWELI tupu. Buli baridi hunyonya joto ambalo majani yanalihitaji. Wajuzi wa chai wa Paris nao hufanya hivyo hivyo.

"Ukiomba maziwa watakuona mshamba."

UONGO. Omba bila kuona haya. Mwaka 1680, mwandishi wa barua Madame de Sévigné alieleza kwamba rafiki yake Madame de la Sablière hunywa chai kwa maziwa, kwa hiyo jambo hili lina zaidi ya miaka 300 katika nyumba za wakubwa wa Paris. Na anayekwambia Wafaransa waliiga chai kutoka kwa Waingereza, mwambie chai ilifika Paris katika miaka ya 1630, kabla haijaanza kuuzwa London. Waingereza wanachostahili kusifiwa ni kuieneza desturi ya kunywa chai alasiri, ambayo Paris iliikumbatia karne ya 19.

Maziwa yana kazi: protini zake hushikana na vitu vinavyoleta ukakasi kwenye chai nyeusi, ulimi ukapumzika. Kwenye chai ya kijani au yenye harufu ya maua yatakuharibia ladha uliyoilipia. Na usichanganye maziwa na limau. Bibi alisema yatakatika, na yatakatika kweli.

"Kila kitu humo ndani ni cha Kifaransa."

UONGO mkubwa kuliko yote. Ufundi ni wao, malighafi ni za dunia. Kinywaji kinachoipa Angelina sifa ni chokoleti nzito ya moto inayoitwa L'Africain, yaani Mwafrika. Côte d'Ivoire na Ghana peke yao huzalisha zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Chai nayo: mwaka ule ule wa 1903, Rumpelmayer alipokuwa akifungua Angelina, miche ya kwanza ya chai Kenya ilikuwa ikipandwa Limuru. Leo Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, na mnada wa Mombasa huuza pia majani ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania.

Kisha kuna vanila. Mmea huu asili yake Mexico, na ulipoletwa visiwa vya Bahari ya Hindi ulitoa maua bila kuzaa, kwani wadudu wa kwao wa kuuchavusha hawakuwapo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, alitumia kijiti chembamba kuinua utando mdogo ndani ya ua na kuligandamiza kwa kidole gumba. Ua likazaa. Njia yake ikaenea Madagascar na Komoro, na mkulima wa vanila wa Uganda anachavusha vivyo hivyo kwa mkono, mapema asubuhi, maana ua hufunguka siku moja tu. Edmond alipata uhuru, na jina la Albius, utumwa ulipofutwa mwaka 1848. Alikufa maskini mwaka 1880. Kila kijiko cha krimu ya vanila pale Paris kina deni kwake, na jina lake lilistahili kuandikwa kwenye menyu.

"Vitafunio vya chai havina pombe."

UONGO, na kwa Muislamu au yeyote asiyetumia pombe hili si la kupuuza. Baba au rhum ni keki iliyoloweshwa ramu hadi inadondosha. Krimu kadhaa hutiwa kileo cha kuongeza harufu. Krimu zilizogandishwa zinaweza kuwa na jelatini, ambayo Ulaya mara nyingi hutokana na nguruwe. Usitegemee orodha ya viambato vya mzio. Sheria ya Ulaya inataka vitu 14 vitajwe, zikiwemo lozi, maziwa, mayai na ngano, lakini pombe na nguruwe havimo. Itakubidi uulize: "alcool?" na "gélatine?" Mhudumu mzuri ataenda jikoni kuhakikisha. Asiyeweza kukuhakikishia, mshukuru na uchague kingine.

Mont-Blanc, keki maarufu ya Angelina, ni meringi na krimu vilivyofunikwa kwa nyuzi za chestinati zinazofanana na tambi. Hiyo nayo uiulizie kama nyingine. Na ni tamu sana, gawaneni.

"Macaron za zawadi zinaharibika siku hiyo hiyo."

UONGO. Macaron iliyotoka ovenini bado ina ganda gumu. Wapishi huijaza krimu kisha huilaza kwenye friji siku moja au zaidi, unyevu wa krimu upenye ndani na kuilainisha. Uliyouziwa imeshapitia hapo, na hudumu siku kadhaa ikikaa kwenye baridi. Adui zake ni joto na misukosuko. Kwenye ndege ibebe mkononi, maana sanduku likirushwa na wapakiaji utafika Dar es Salaam na unga wa lozi. Ukifika, itie frijini, na uitoe kidogo kabla ya wageni kuja ili krimu ilegee.